Muulize Mwalimu: Ramani ya mawazo tupo kumi, tunaochora ni wawili

Wiki hizi mbili barua zenu zimekuwa zikirudi kwenye jambo moja, ramani ya mawazo, ile ya kuchorwa onlaini na watu wengi kwa pamoja. Kwa ambaye hajakutana nayo, ni hivi: mada unaiweka katikati ya ukurasa, afu unatoa matawi, kila tawi neno moja au mawili tu, na matawi nayo yanatoa vitawi. Ya karatasi ni ya siku nyingi, Mwingereza Tony Buzan aliipa umaarufu miaka ya 1970 kupitia BBC, na walimu wengi hapa kwetu tumeichora kwenye manila bila hata kujua ina jina. Ya onlaini ukurasa ni mmoja lakini aliyeko Iringa, aliyeko Tukuyu na aliyeko Makambako wote wanaandika humo kwa wakati mmoja, na kila mtu anaona mwenzie anachofanya hapo hapo.

Nimechukua barua saba. Nyingine zinafanana sana na hizi kwa hiyo jibu lako litakuwa humu humu.

Kamwene mwalimu. Nipo chuo mwaka wa pili hapa Iringa. Lekchara katupa asaimenti ya grupu, tupo kumi, tuchore ramani ya mawazo onlaini kuhusu vyanzo vya umaskini vijijini afu tupresenti. Nikafungua ramani nikatuma linki kwenye grupu la WhatsApp, watu wakaweka dole gumba, basi, ikaishia hapo. Siku ya tatu leo tuliogusa kazi ni mimi na dada mmoja, wengine wanauliza tu mshamaliza, msisahau jina langu na rejista namba. Sasa niwaripoti au ninyamaze? Na kuna namna ya kuonyesha nani kafanya nini? – Mwaka wa pili, Iringa

Kamwene mdogo wangu, na pole, maana najua inavyouma kukesha mpaka saa saba usiku unachora afu jina lako linakuja kukaa mstari mmoja na la mtu ambaye hata linki hajaibonyeza.

Ila kabla hujamripoti mtu hebu fikiria hiyo linki ilivyomfikia. Kaifungua yupo kwenye daladala ya Kihesa, kakuta ukurasa mweupe una maneno mawili katikati, hajui aanzie wapi, hajui wewe unataka nini, anaogopa kuandika kitu wenzie wakamcheka, kaufunga akasema ntaingia baadae. Sio wote wavivu. Na kwenye watu kumi siwezi kushangaa mmoja au wawili wana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, au bando limeisha na boom, hela ya mkopo wa chuo, halijatoka, na mtu wa hivyo hawezi kuandika kwenye grupu kwamba sina bando, ataona aibu, atakaa kimya tu na nyie mtasema ni mzigo. Muulizeni pembeni, sio mbele za watu. Akishindwa kuingia akutumie mawazo yake kwa meseji ya kawaida, wewe uyaandike kwenye ramani na jina lake pale.

Afu kumi ni wengi mno. Kuna mhandisi wa Kifaransa wa mambo ya kilimo, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa 1913: watu wakiongezeka kwenye kamba, kila mmoja anavuta kidogo kuliko alivyovuta akiwa peke yake. Yaani hili la kwenu lina miaka zaidi ya mia. Kamba ikiwa ndefu kila mtu anahisi wenzie wanatosha. Sasa nyie ifupisheni. Jigaweni watatu, watatu na wanne, na mada yenu inagawanyika vizuri tu: kundi moja ardhi na kilimo, lingine masoko na barabara, lingine elimu na afya. Ukiwa mmoja kati ya watatu ukinyamaza unaonekana.

Halafu acheni habari ya kila mtu aingie akipata nafasi. Chagueni muda mmoja, dakika arobaini zinatosha, wote mpo hewani, mmoja apige simu ya grupu ya WhatsApp ili msikiane huku mnaandika. Dakika kumi za mwanzo hakuna kuongea, kila mtu anamwaga anachokijua, neno neno, hata kama halijakaa sawa, na kila mtu na rangi yake. Baada ya hapo ndo mnaanza kusogeza, hiki kinakaa wapi, hiki kinaungana na nini, na mdogo wangu hapo ndipo nataka mkae sana. Mfano mtu kaandika bei ya mbolea. Mmoja atasema weka kwenye kilimo. Mwingine atasema hapana, mkulima wa mahindi wa Ismani anajua vizuri kwamba mbolea inasaidia, shida ni kwamba mwezi wa saba mlanguzi kamjia na lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, kauza kwa hasara kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa, mwezi wa kumi na moja msimu unaanza hana hela ya mbolea, kwa hiyo hilo ni tawi la masoko. Wa tatu atasema si umesema ada, basi ni elimu. Mkibishana hapo dakika nane msione kama mmechelewa, hiyo ndo asaimenti yenyewe, lekchara wenu anachotaka mjue ni kwamba umaskini hauna tawi moja, na hamtalijua kwa kugawana kurasa kila mtu akaandike zake chumbani afu CR, kiongozi wa darasa, aunganishe.

Kuhusu nani kafanya nini, programu nyingi za aina hii zinatunza historia, unaona nani kaongeza nini na saa ngapi, ili mradi kila mtu aingie kwa akaunti yake, sio wote mnatumia ya mtu mmoja. Waambieni hilo mapema, kabla ya kazi kuanza, bila kutishana. Na ambaye mmemuita mara mbili, mmemuuliza pembeni, mmemrahisishia na bado hajagusa, mwende kwa lekchara kama grupu, mmuonyeshe ramani na historia yake, mseme ukweli. Huo sio usaliti. Wewe usinyamaze afu ukaja kununa mwaka mzima.

Mwalimu habari. Niambie tu programu gani nzuri na ya bure, natumia simu, nipo Mwanjelwa. – Msomaji, Mbeya

Salama. Kwa kuanza jaribu MindMup, inafunguka kwenye brauza na unaweza kuanza kuchora hata bila akaunti, ila mkitaka kuchora wengi kwa pamoja tumieni akaunti zenu za Google. Coggle nayo ni nyepesi na inaeleweka haraka. draw.io ni ya bure kabisa lakini kwenye kioo kidogo vidole vinahangaika. MindMeister na Miro ni nzuri, za bure zinakubana kwenye idadi ya ramani, kwa hiyo mkimaliza moja pakueni muifute mpate nafasi. Mimi kipimo changu kabla ya kuchagua ni kimoja, naomba simu mbovu kuliko zote kwenye kundi, naifungulia linki, ikikubali hapo tunaendelea.

Na msizoee kuacha kazi yenu huko huko. Jamboard ya Google ilipendwa sana na walimu, ikafungwa mwisho wa 2024. Kila mkimaliza pakueni PDF au picha, mkaiweke mahali penu.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Historia kidato cha tatu huku Rungwe. Darasani nina watoto 72, chumba cha kompyuta kina mashine 11 zinazowaka, mvua ikinyesha mtandao unaondoka na mvua ya huku unaijua. Hii ya ramani onlaini nimeipenda ila naona kama ni ya shule za mjini. Nafanyaje? – Mwalimu, Rungwe

Mwalimu mwenzangu, ndaga kwa kuandika, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Likizo ya mwezi wa sita nilikaa barazani kwa jirani yangu Uyole na watoto wanne wa kidato cha tatu, baridi ile ya mwezi wa sita, wamejifunika vitenge vya mama zao mpaka shingoni. Simu zilikuwa mbili, moja kioo kimepasuka kuanzia kona na herufi ya A inakubali ukiibonyeza mara mbili. Mada yao katikati ilikuwa Wahehe na Wajerumani. Wakatoa matawi, chanzo cha vita, nguvu za Mkwawa, mapigano, kwanini walishindwa. Mapigano walijaza haraka, Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski kamanda wa Wajerumani kauawa, bunduki zimetekwa, kila mtu analijua hilo. Kimbembe kikaja kwenye ngome ya Kalenga. Mvulana mmoja kaiweka kwenye tawi la nguvu za Mkwawa, na mimi kimoyomoyo nikasema sawa. Binti aliyekuwa na ile simu ya kioo kilichopasuka akaikamata kwa kidole akaivuta mpaka kwenye tawi la kwanini walishindwa. Mvulana akairudisha. Binti akaivuta tena. Ikatembea hivyo mara tatu, sisi wengine tunaiangalia inavyokwenda na kurudi kwenye ile simu nyingine, mpaka mvulana akasema we vipi, ngome inamshindishaje mtu?

Binti akamjibu, na nakumbuka maana nilishtuka. Kasema Lugalo Mkwawa alishinda kwa sababu aliwavizia Wajerumani, wao hawakujua alipo. Kalenga 1894 walijua alipo, wakaleta mizinga, ukuta haukimbii. Na alivyotoka humo kwenye ukuta si kakaa porini miaka minne hawamkamati, mpaka 1898, na hata hapo hawakumkamata akiwa hai.

Mvulana akafungua daftari. Akakaa nalo muda. Akasema basi iwe kote kote. Wakaiacha Kalenga kwenye nguvu, wakachora mstari mrefu unaokatiza ramani nzima kwenda kwenye tawi la mapigano, na juu ya mstari binti akaandika ilipoanguka akabadili mbinu.

Hayo maneno juu ya mstari yashike sana mwalimu. Joseph Novak, profesa wa Cornell kule Marekani, miaka ya 1970 akifuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi, alitengeneza ramani za aina yake ambazo kila mstari lazima uwe na maneno, husababisha, hutokana na, huzuia. Sio kitu kile kile na cha Buzan lakini ukivichanganya hakuna atakayekukamata. Mtoto akichora mstari mtupu hujui kama ameelewa au amepamba. Akilazimika kuandika neno juu yake ndo unamjua.

Sasa turudi Rungwe. Watoto 72 ni makundi 12 ya watu sita sita. Siku ya kwanza usiguse kompyuta kabisa. Wape manila na maka peni, kama manila hamna hata nyuma ya kalenda za zamani, kila kundi tawi lake au kila makundi mawili tawi moja ili baadae yapambanishwe. Waache wabishane kwa Kiswahili. Hili nalisisitiza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na sisi walimu tunapata hofu tunawakataza, mtoto anakaa kimya kumbe ana hoja, anatafuta neno tu. Wabishane kwa Kiswahili, maneno ya kwenye matawi wayageuze mwishoni, pamoja, na kamusi mezani, na wakati wa kugeuza utashangaa wanavyogundua vitu ambavyo walidhani wameelewa.

Siku ya pili nendeni chumba cha kompyuta. Mashine 11, makundi 12, kundi moja linachora ubaoni na kesho yake linabadilishana. Humo weka Freeplane, ni ya bure na ikishaingia kwenye mashine haihitaji intaneti, unaipakua mara moja mjini unakuja nayo kwenye flashi. Mvua inyeshe tu. Kila kundi linahamisha manila yake, na sheria iwe aliyeshika kipanya haruhusiwi kutoa wazo, anaandika anachoambiwa na wenzie, kila baada ya dakika kumi wanabadilishana. Usipofanya hivyo yule mmoja mwenye kompyuta nyumbani kwao atamaliza kazi ya sita.

Onlaini inaingia siku ya tatu tu, na hapo unahitaji simu yako moja ya kurushia mtandao na mashine moja, na projekta kama shule inayo. Na hapa ndo nataka ufikirie mbali kidogo. Kama ni kuchora wenyewe kwa wenyewe darasani, manila inatosha. Onlaini faida yake kubwa ni mtu aliye mbali. Wewe tafuta mwalimu mwenzio mmoja Iringa. Watoto wake wanaweza kwenda Kalenga kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, wakapiga picha, wakaandika walichosikia kwa mwongozaji, wakabandika kwenye ramani hiyo hiyo wanayoijenga na watoto wako ambao Kalenga hawajawahi kuiona. Na nyie mtawalipa kwenye Jiografia, Daraja la Mungu pale mto Kiwira lawa iliyoganda ikawa daraja, na Ziwa Ngosi kwenye kreta yake, mtoto wa Iringa anavisoma kwenye kitabu tu, wa kwako anapanda Jumamosi anarudi na picha. Anzeni na ramani moja kwa muhula. Moja tu, msijibebeshe.

Shule za mjini hazina Ngosi mwalimu.

Mwalimu shikamoo. Binti yangu yupo kidato cha pili bweni, sasa yupo likizo hapa Mafinga. Anasema nimnunulie simu janja ili aingie kwenye ramani ya masomo na wenzake wa Njombe na Mbeya. Simu shuleni hawaruhusiwi, na mimi kila nikimuona na simu ya kaka yake anacheka peke yake. Ananidanganya? – Mama wa Mafinga

Marahaba mama. Sidhani kama anakudanganya, kitu hicho kipo na wanafunzi wanakifanya. Lakini kununua simu sio lazima. Mpe ya kwako saa moja jioni, wewe ukiwa pale pale jikoni, akusomee tawi aliloandika yeye na tawi aliloandika mwenzie, mwambie akueleze kwanini hiki kimeungana na kile. Hata kama hayo masomo huyajui, akiweza kukueleza mpaka ukaelewa basi kazi inafanyika, akiyumba yumba utamuona, wewe ndo umemzaa. Maandishi hayali bando kama video, kwa hiyo hata kwenye gharama usiogope sana.

Kitu ninachotaka ukiangalie kwa makini ni nani anaweza kuiona hiyo ramani. Nyingi zina mipangilio mitatu, ya siri kwa walioalikwa, ya kila mwenye linki, na ya wazi kwa dunia nzima, na baadhi ya za bure zikishamaliza nafasi za siri zinakusukuma kwenye ya wazi. Mwambie achague walioalikwa tu. Na kwenye ramani asiandike jina lake kamili, namba ya simu, jina la shule wala kuweka picha yake, atumie herufi za mwanzo, wenzie wanamjua. Akija mtu msiyemfahamu kwenye ramani, wamtoe na wabadilishe linki.

Na mama, anavyocheka peke yake, muulize anacheka nini. Wakati mwingine ni mwenzie kachora mdudu kwenye mada ya Baiolojia, basi.

Mwalimu kuna mtu katufutia tawi zima la kazi ya wiki mbili, kila mtu anasema sio yeye. Tumelia. – Grupu la watu watano, Mbeya

Poleni sana wanangu. Kwanza msifunge, rudisheni nyuma hatua kwa hatua na kile kitufe cha kutengua. Ikishindikana fungueni historia ya ramani mrudi kwenye hali ya jana, na humo humo mtaona limefutwa na akaunti gani. Nina hakika karibu asilimia mia ni kidole, mtu yupo kwenye simu anataka kusogeza kagusa kufuta. Msichukiane. Kuanzia leo mmoja wenu kila jioni anapakua nakala anaitupia kwenye grupu la WhatsApp, mnapokezana zamu, na wakati wa kusoma tu wengine wapeni ruhusa ya kuona, sio ya kuediti.

Mwalimu swali fupi, si siku hizi akili bandia inakuchorea ramani nzima kwa sekunde? Kwanini tujitese kubishana? – Kijana wa Songwe

Inachora, ndio, na inachora vizuri, na baadhi ya programu nilizozitaja juu zimeshaiweka ndani. Lakini kijana wangu ile ramani ikishatoka, umejua nini ambacho hukujua? Hukuchagua Kalenga ikae wapi. Hakuna aliyekuvutia kitu mkabishana. Mimi sikukatazi kuitumia, nakwambia itumie mwisho, grupu likishamaliza ya kwake, waambieni iwachoree na yenyewe afu muweke mbili sambamba, mtafute mlichosahau nyie na ilichokosea yenyewe. Na inakosea, hasa kwenye mambo ya huku kwetu, miaka na majina ya sehemu inavichanganya. Mkiikamata inadanganya kuhusu Mbeya mtakuwa mmesoma kweli.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Sisi wanne tumechora ramani za mada zote za Jiografia onlaini, rangi, picha, kila kitu, mpaka walimu wamezisifia na kuwaonyesha kidato cha tano. Mock imekuja nimepata E ya Jiografia. Wenzangu nao hivyo hivyo. Nimevunjika moyo, naona ramani zimetupotezea muda. – Kidato cha sita, Iringa

Marahaba mwanangu, na barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu nilitaka niwe na nafasi.

Ngoja nikuulize kitu kimoja. Wakati mnachora, vitabu na madesa vilikuwa wazi mezani? Nadhani vilikuwa wazi. Mlikuwa mnatoa kwenye kitabu mnaweka kwenye ramani, mkono unafanya kazi, macho yanafanya kazi, kichwa kinapumzika. Mwaka 2011 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Purdue kule Marekani, Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, walilipima hili. Wanafunzi wengine walichora ramani huku andiko liko mbele yao, wengine walisoma, wakalifunika, wakajaribu kukumbuka, wakasoma tena, wakakumbuka tena. Wiki moja baadae waliofunika na kukumbuka waliwashinda wachoraji. Walimu wengi tuliopenda ramani, hiyo habari ilitugusa. Lakini 2014 hao hao wakarudi wakajaribu kitu kingine, ramani ichorwe bila kuangalia andiko, kwa kukumbuka, na hapo ramani ikafanya kazi vizuri, sawa na kuandika kwa kukumbuka.

Kwa hiyo muda wenu haujapotea wote, mna ramani nzuri za kujisahihishia. Sasa zifungeni. Wanne mchague mada moja, fungueni ukurasa mpya mtupu, madaftari yawe chumba kingine kabisa, dakika ishirini mchore mnachokumbuka, kila mtu kwa rangi yake. Mtaona aibu, itakuwa na matawi matatu na mawili kati ya hayo yana makosa. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa iwe. Mkimaliza ndo mfungue ile ramani yenu nzuri, mlinganishe, na kila mlichosahau mkiandike kwa rangi nyekundu. Siku ya tatu yake rudieni mada hiyo hiyo kwenye ukurasa mtupu mwingine. Nyekundu zitapungua. Zile ambazo hazipungui ndo za kumpelekea mwalimu, na umpelekee kwa majina, mwalimu hili na hili, sio kumwambia Jiografia ngumu.

Na kitu kingine, mtihani wa Mei hautakuomba neno moja moja, utakuomba insha. Kwa hiyo mkishachora kwa kukumbuka, mmoja achague tawi moja aliseme kwa sauti kama aya, sentensi za Kiingereza kamili, wengine watatu wanamsikiliza na kumkatisha pale anaporuka kutoka kitawi kimoja kwenda kingine bila kusema vinaungana vipi. Mkibadilishana zamu, kwa saa moja mna aya nne zilizosemwa na kusahihishwa.

Kama shuleni hamna simu, na najua hamna, ukurasa mtupu wa daftari unatosha kwa kuchora kwa kukumbuka, ile ya onlaini mtaikuta Jumapili chumba cha kompyuta au likizo. Anza na mada ile unayoikwepa. Niandikie baada ya mara ya tatu uniambie nyekundu zimebaki ngapi.